Simu Haina Mate

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Tecla hapo Sotik, upande wa barabara ya Kisii. Majani chai yamezunguka kila mahali, hata nyuma ya choo, lakini benchini watu hunywa kahawa, kwa sababu chai wanayo nyumbani, na nyumbani kuna kazi. Kahawa ni ya Bogonko, Mkisii wa birika moja na tangawizi nyingi, ambaye kwa tangawizi hiyo amejipa cheo cha Daktari. Tecla huuza vocha na kuchaji simu za watu; wanamwita Netwaki, maana habari hazimpiti. Kiptanui ni Wakili tangu siku alipotoa ushahidi wa kesi ya mpaka, akaulizwa swali moja akajibu mpaka saa ya chakula. Na Kipkoech ni Ngoja Kwanza. Maneno humkwama kooni, naye yakimkwama husema “ngoja kwanza”, na watu wa siku hizi hawangoji.

Asubuhi hiyo Ngoja alikuja akitabasamu. Jumamosi ilikuwa koito, sherehe ya posa, ya Nelvine, binti wa marehemu kaka yake, ambaye Ngoja mwenyewe alimlea tangu akibebwa mgongoni. Wakwe wangetoka Merigi, nao mahari ikishaelewana, yeye ndiye angesimama mbele yao, apige funda la mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, amnyunyizie binti kwa mdomo na kumtamkia baraka. Kwa hofu ya kukwama mbele ya wageni alikuwa hali chakula vizuri. Sasa alikuwa amepata dawa.

Ngoja: Simu ime… imeniandikia baraka. Tecla aliiuliza tu, ikaandika kabla Daktari amalize kumimina kikombe.

Tecla: Na inasoma yenyewe. Mzee hata hatafungua mdomo. Sikizeni.

Akabonyeza. Ikatoka sauti laini ya mwanamke asiyejua kukohoa:

“Ewe binti mpendwa, uwe kama mnazi ufukweni, upepo ukuinamishe lakini usikuvunje. Nyumba yako isikose samaki, na mashua yenu ipate upepo mwema.”

Ngoja aliisikia sauti ile ikiteremka bila kujikwaa hata mahali pamoja, akaionea wivu waziwazi.

Bogonko: Ni tamu. Lakini mashua itapita wapi hapa Sotik?

Wakili: Hiyo ni kurekebisha tu. Weka pikipiki. Samaki iko, inatoka Kisumu. Na mnazi utoe, uweke mti wa majani chai. “Uwe kama mchai.”

Tecla: Mchai? Wewe Wakili, mchai unachunwa kila wiki na kila mwenye kikapu. Na ukianza kurefuka unakatwa kiuno. Hiyo ni baraka ama ni kesi?

Wakili: Basi mkaratusi.

Bogonko: Mkaratusi unakunywa maji yote ya jirani. Wakwe watakataa bibi saa hiyo hiyo.

Wakacheka, Ngoja naye akacheka, ingawa jambo lilikuwa lake. Hiyo ndiyo raha ya benchi. Hata hofu yako ukiileta hapo hugawanywa kama mandazi.

Wakili: Mimi nauliza swali ya sheria. Hiyo baraka ni ya nani? Mzee akibariki vibaya, tunajua boma yake, tunaenda tunamuuliza. Sasa simu ikibariki vibaya, tutaketi na nani?

Tecla: Na ile sala mnasema kanisani kila Jumapili, ni nyinyi mliandika? Si iliandikwa na watu walikufa zamani? Mbona hiyo inapanda juu?

Ngoja akatikisa kichwa kukubali. Hoja hiyo alikuwa akiitafuta tangu alfajiri.

Bogonko: Netwaki amesema kitu. Lakini nyinyi mnajua kiwanda. Majani ya Kiptanui inaingia, ya Kipkoech inaingia, inasagwa, inachanganywa. Ikitoka kwa pakiti, nani atasema hii ni yangu? Simu ni hivyo. Imechuna maneno ya watu wote, ikasaga.

Wakili: Na si ndiyo maana ina akili? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Simu haina mama. Kwa hivyo imefunzwa na ulimwengu mzima. Kutuzidi sisi, tulifunzwa na mama mmoja tu.

Tecla: Hiyo methali sivyo inamaanisha.

Wakili: Methali ni kama jembe, mtu analima nayo shamba yake.

Bogonko akaweka birika chini. Akiweka birika chini, watu hujua udaktari umempanda.

Bogonko: Shida si akili. Shida ni mate. Baraka inasafiri kwa mate vile stima inasafiri kwa waya. Ndiyo maana mzee anakunywa maziwa kwanza, aloweshe laini. Simu haina mate. Hiyo baraka itafika kwa kioo ikwame hapo.

Tecla: Tutamwaga mursik kidogo kwa kioo.

Wakili: Mkono mtupu haulambwi. Mwaga. Lakini nawaambia, mkilisha simu maziwa, kesho itataka ng'ombe. Keshokutwa inaketi na wazee, inaamua mahari. Halafu itaoa. Na mtoto wao atachajiwa hapa kwa Netwaki.

Tecla: Wa kwanza nitachaji bure.

Kikazuka kicheko kilichomwaga kahawa. Katikati ya kicheko Tecla akabonyeza tena ili waisikie vizuri. Mnazi ukainama, samaki wakaja, mashua ikapata upepo.

Hapo ndipo Nelvine alipofika, mwavuli mkononi na mfuko wa sukari ya Jumamosi. Alikuwa akipita kwenda nyumbani. Alisimama akasikiza mpaka mwisho, kwa heshima, kichwa upande mmoja.

Nelvine: Chamgei, wazee.

Wote: Chamgei mising.

Nelvine: Hayo maneno ni mazuri sana. Nani anaolewa?

Wakili, mtu wa majibu mpaka saa ya chakula, alitazama viatu vyake. Tecla aliifunika simu kwa kiganja. Bogonko aliinua birika amimine ili apate la kufanya, yakatoka machicha ya tangawizi, kisha hayakutoka hata hayo.

Nelvine: Baba? Ni mtu tunamjua?

Ngoja aliona haya, haya ya kweli. Alimtazama msichana yule ambaye zamani alimvusha mto akiwa amembeba begani, akaona kwamba katika baraka yote ile hakuwemo hata unywele wake.

Ngoja: Ni… ni… ngoja kwanza.

Nelvine akaweka mfuko chini, akafunga mwavuli, akangoja. Hakuona ajabu yoyote. Katika nyumba ile ndivyo alivyokua. Maneno ya baba yake huchelewa, lakini hufika. Benchi nalo likangoja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkopesha neno.

Ngoja: Ni mtoto mwenye alikuwa anaogopa ndama. Kila asubuhi analia. Na kila asubuhi a… anaenda kuishika hiyo ndama kwa kamba, ndiyo mimi nikame mamake. Huyo mtoto… ngoja kwanza… huyo mtoto, popote ataenda, asiachwe ashike kamba peke yake.

Nelvine alikuwa ameanza kuelewa. Alifuta jicho kwa mkono uliokuwa na mwavuli.

Nelvine: Na bado naogopa ndama.

Ngoja: Najua.

Wakili alifungua mdomo. Wote wakajua methali inakuja, na kwamba itakuja kombo. Lakini aliufunga tena, akavua kofia, akasema “Amina” tu, na wenzake wakaitikia.