Vipindi vya Mwalimu Revocatus Machibya

Baba Paroko, wazee wetu, walimu na majirani wote wa hapa Igogo, familia imempa Teodora, mdogo wake marehemu, kazi ya kuisoma historia hii, naye ameomba ajitaje kwa jina kama anavyotajwa mtu mwingine, kwa sababu akisema "mimi" hatafika mwisho.

Mwalimu Revocatus Machibya alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kijijini Bujora, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Machibya na Mama Kija, na kwa kuwa alichunga ng'ombe kwanza, alianza shule akiwa mrefu kuliko wenzake wote, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1972, sekondari mwaka 1976, kisha akahitimu Chuo cha Ualimu Butimba mwaka 1979. Alianza kazi ng'ambo ya Busisi, akivuka Kigongo kwa kivuko kila mwisho wa mwezi, na tarehe 10 Januari 1994 akahamishiwa shule ya sekondari hapa Igogo, alikofundisha Kiingereza hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2016.

Waliosoma kwake wanaijua mada yake. Hakupenda kauli ya kutendwa ifundishwe kwa mifano ya vitabuni, kama barua iliyoandikwa au dirisha lililovunjwa, basi alinunua samaki aina ya sato mwaloni, kwenye soko la wavuvi, akamweka juu ya meza ya mbele na kumwandaa bila kusema neno, na kwa kila hatua mwanafunzi mmoja alisimama na kusema kwa Kiingereza kwamba samaki ameparuliwa magamba, amepasuliwa, ameoshwa, amekaangwa, na aliyekosea alirudia huku harufu ikimtesa. Mkaguzi mmoja alimwandikia kwamba darasa si jiko, naye akamkaribisha mkia. Wanafunzi walimwita Mwalimu Sato, miaka miwili ya kwanza nyuma ya mgongo wake, baadaye mbele yake.

Alifunga ndoa na Selina Mashimba tarehe 5 Desemba 1987 huko Kisesa, wakajaliwa watoto wawili, Pius aliyeko Dodoma na Queen aliyeko Mtwara. Selina alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Agosti 2017, na tangu hapo nyumba ya vyumba vinne ikabaki na mtu mmoja.

Kila Jumapili baada ya misa Teodora alimpigia simu kutoka Shinyanga, na kila alipouliza aje lini kumwona, kaka alijibu, "Wiki hii nina vipindi, mdogo wangu, nimebanwa kweli." Familia nzima iliamini ana wanafunzi wa masomo ya ziada pale sebuleni, na tuseme ukweli, jibu lile lilitupa nafuu. Mara moja tu, Jumamosi tarehe 11 Februari 2023, Teodora alikuja Mwanza harusini akapita kumsalimia, akamkuta na sato mezani, akaketishwa kitini, yeye mama wa miaka sitini aliyeishia darasa la saba, akafundishwa kusema kwa Kiingereza kwamba samaki ameoshwa. Walicheka mpaka machozi. Baada ya saa moja akaaga, maana gari lilikuwa linamsubiri.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2019, naye alilificha kama alivyoficha mengine. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 jirani yake, Mama Jasuben, alipoona mlango haujafunguliwa, alimwita fundi auvunje, wakamkimbiza hospitali, na Jumanne tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 69.

Juzi Queen, akitafuta vyeti, alikuta madaftari tisa ya maandalio ya somo, yamepigwa mistari kwa rula kama ya mwalimu aliye kazini, wiki kwa wiki tangu Agosti 2017, mada ni ile ile, na pale panapojazwa idadi ya waliohudhuria ameandika hakuna, hakuna, hakuna, daftari baada ya daftari. Masomo ya ziada hayakuwepo. Kaka alikuwa anaandaa kipindi, anasubiri mtu, halafu anaandika kwamba hakuja. Ni tarehe 11 Februari 2023 tu ndipo ameandika kwamba amehudhuria mmoja, na chini yake kuna maoni ambayo Queen alimtafsiria shangazi yake: "Mwanafunzi ameelewa haraka, ila ameondoka mapema. Kipindi kirudiwe." Ukurasa unaofuata ni andalio la Jumamosi iliyofuata, na wanaotarajiwa ni mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku tatu, Mama Jasuben na majirani waliotuzidi sisi ndugu kwa kumwangalia, walimu wenzake, na wanafunzi wake waliojaa hadi barabarani.

Kaka Revocatus, mdogo wako hakuwa amebanwa na lolote, nafasi alikuwa nayo, akaridhika na simu. Usamehe, upumzike kwa amani.