Mama Asante Anatuachia Kituo Chenye Wenyewe

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, mkurugenzi wa kituo chetu cha mazoezi ya viungo kwa watoto anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wafanyakazi, wazazi na wafadhili wote humwita Mama Asante. Hata mlinzi wa getini, mgeni akimuulizia kwa cheo chake, hufikiri kidogo kabla ya kumwelekeza.

Alianza kama karani wa mapokezi, wakati kituo kilipokuwa chumba kimoja cha kukodi nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Alipopewa ukurugenzi, alikuta mkeka mmoja na foleni ya kina mama waliobeba watoto mgongoni. Leo tuna jengo letu, ukumbi wenye vyuma vya kushikilia ukutani, chumba cha kutengenezea viatu maalumu, na bembea ambayo watoto huigombania tangu asubuhi. Mdogo wangu ni mmoja wa wagombanaji hao. Ndiyo maana mimi hushinda hapa kila Jumamosi nikiwasomea wenzake hadithi, na ndiyo maana nimepewa heshima ya kuandika haya.

Jina lake lilitokana na simu. Kila aliyechangia, awe ametoa matofali ya jengo au mche wa sabuni, alipigiwa na mkurugenzi mwenyewe wiki hiyohiyo. Mama alishukuru, akaeleza mchango umefanya kazi gani, akaaga. Mhasibu aliona hapo nafasi nzuri ya kuomba tena inapotea bure. Mama akamwambia, "Mwanangu, ukiomba na kushukuru kwa pumzi moja, asante yako inageuka chambo." Fundi cherehani mmoja alipopigiwa hakuamini. "Mama, sema tu shida yako, nina wateja hapa," akasema. Alipoona kweli hakuna shida, akauliza mwenyewe kama tuna mapazia. Hatukuwa nayo. Yaliyopo sasa ni kazi ya mkono wake.

Lakini mtihani wake mkubwa ulikuja mwishoni. Mfadhili wetu mkuu ni kiwanda cha magodoro. Kinatupatia magodoro ya mazoezi na kinalipa mishahara ya wataalamu wote wa viungo. Miaka miwili iliyopita, Mama Asante alipomweleza meneja wa kiwanda kwamba anakaribia kustaafu, alijibiwa bila kuficha: "Mama, sisi tunakujua wewe. Ukiondoka, itabidi tufikirie upya." Maana yake ilieleweka. Ukumbi ungebaki na vyuma vyake, bila mtu wa kumshika mtoto mkono.

Bodi ilimsihi aongeze miaka. Alikataa. "Nikiongeza miwili, mtaomba mingine miwili," alisema. "Nimewafundisha watu kunipenda mimi, sasa nitawafundisha kukipenda kituo." Tangu siku hiyo hakwenda tena kwa mfadhili peke yake. Alifuatana na mrithi wake, mtaalamu wetu wa viungo tunayemwita Kaka Taratibu, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni anapowashika watoto. Kaka Taratibu anaweza kumbembeleza mtoto anayelia mpaka ainue mguu. Mbele ya watu wenye tai, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Kila alipoulizwa swali alimtazama Mama, na Mama akajibu.

Siku moja walipokuwa wakirudi, dereva aliyewasikiliza njia nzima alishindwa kuvumilia. "Mama, kwani huyu unamwachia kazi, au umemchukua akubebee mkoba?"

Mama Asante alicheka mpaka akavua miwani. Mkutano uliofuata aliingia na pipi kubwa ngumu mdomoni. Alipoulizwa jambo, alionyesha shavu lililovimba, kisha akamwelekezea kidole Kaka Taratibu.

"Mama, leo umekuja kula pipi?" meneja akauliza. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Kaka Taratibu hakuwa na pa kukimbilia. Akazungumza juu ya kitu anachokijua. Alieleza habari za binti mmoja anayejifunza kusimama, ambaye miguu yake huzama kwenye godoro mpaka anaanguka. "Magodoro yenu ni laini mno kwa watoto wetu," alisema. "Mnaweza kutengeneza magumu?"

Mhasibu wetu aliyekuwepo anasema aliinamisha kichwa na kuanza kuuaga ufadhili. Meneja alimwita fundi wake mkuu. Muda si muda yeye, fundi na Kaka Taratibu walikuwa wamepiga magoti sakafuni, wakilibonyeza godoro na kubishana. Mama Asante aliendelea na pipi yake. Baada ya hapo waliitana mara nyingi, na magodoro magumu yalipofika, binti yule alisimama.

Mwezi uliopita kiwanda kilitia saini mkataba mpya wa miaka mitatu na kituo. Mama Asante hakuwemo chumbani. Wiki iliyopita alipopiga simu kiwandani kuwashukuru, katibu muhtasi mpya alimuuliza, "Samahani mama, wewe ni nani pale kwa Kaka Taratibu?" Mama ametusimulia jambo hilo meza kwa meza, kwa fahari ambayo hakuionyesha hata siku jengo lilipofunguliwa.

Tunamshukuru mume wake na watoto wake waliomvumilia. Mama Asante, tunakuombea afya njema, asubuhi za kulala utakavyo, na wajukuu wa kukuchosha. Jumatatu baada ya kuondoka kwako, kituo kitafunguliwa saa mbili kamili kama kawaida, na wataalamu wote watakuwepo.