Mzee Kituyi, Aliyeuza Pima Mpaka Akastaafu

Sasa hivi tu mwanangu Ashley, ana miaka miwili, ametoka chini ya meza ya Mzee Kituyi akiburuta kiatu kimoja cheusi. Mzee anazunguka ofisi na soksi akiuliza nani amekiona. Sote tumeinamia karatasi zetu. Kiatu hicho na mwenzake ni vya mtu ambaye ametembea mitaa ya Langas, Kapsoya na mjini kote miaka thelathini na mmoja akiuza bima, na leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, anastaafu.

Mimi ndiye mgeni hapa ofisini, na shule yangu iliishia kidato cha pili. Lakini meneja wetu, Bwana Kinuthia, amesema haya ya kumuaga niyaandike mimi, kwa sababu mimi ndiye mwanafunzi wa mwisho wa Mzee.

Mzee alikuja Eldoret akitoka Kimilili, kijana mwembamba na tai ya kuazima. Shida yake ilikuwa moja. Ulimi wake, kama wa watu wengi wa kwao, haukubali b. Bima akaita pima. Mlango wa kwanza aliobisha Langas ulikuwa wa Mama Nyaguthii, mwenye duka na vyumba vya kukodisha. Akasalimia kwa heshima, akasema amekuja mambo ya pima ya nyumba. Mama akadhani ni serveya. Akamwambia ploti hiyo ilipimwa na marehemu mzee wake na haipimwi tena hata inchi, kisha akafungulia bata mzinga amfukuze. Mzee husema siku hiyo alijua Langas yote bila kuonyeshwa.

Kapsoya nako akasema pima ya afya, watu wakakunja mikono ya shati wakangoja kupimwa presha. Akasema pima ya maisha, babu mmoja akauliza polepole, "Na yangu imebaki ngapi?"

Mwingine angeenda kunyoosha ulimi. Mzee aliamua kupima. Alirudi kwa Mama Nyaguthii, akasimama nje ya geti kwa sababu ya yule bata, akasema, "Sawa Mama, tupime. Moto ukiingia hapa, utapaki na nini?" Mama akaanza kutaja vya kubaki navyo, unga, sukari, friji, kabati. Akafika katikati akaona vyote vinaungua, akamfungulia geti, akachukua bima. Baadaye moto uliingia kweli, kutoka kwa jirani. Mzee alifika majivu yakiwa bado moto, na hakuacha kusumbua ofisi mpaka duka likasimama tena. Tangu hapo ukienda Langas ukisema bima, watu wanauliza kama ni ile pima ya Kituyi.

Aliwahi kupewa cheo cha msimamizi. Alikaa kwa kiti wiki moja, akalala kila alasiri, akarudisha cheo akaenda kutembea. Mawakala wengi wa mji huu wamepitia mikononi mwake, na hakuna aliyemsikia akimkaripia mtu. Yeye hucheka tu, na hiyo ndiyo inauma.

Mimi alinicheka sana. Nilipoanza, nilikariri karatasi ya mafunzo, nikamwendea Namalwa, anayeuza dagaa wa omena Langas, nikasimama mbele ya kibanda chake nikasoma yote kwa kichwa: bima ni mkataba baina ya pande mbili. Namalwa aliniangalia mpaka mwisho, akanifungia omena ya bure. Alifikiri naomba msaada. Niliporudi Mzee akauliza, "Sasa Mama Ashley, ni nani ameuzia mwingine?"

Akanifundisha kuketi kabla ya kusema. Akanifundisha nisianze na kifo, nianze na kibanda. Nikamwomba anigawie wateja wake wachache, kwa sababu wakala mpya asipoleta mteja wake mwenyewe kufikia mwisho wa mwezi huu, kazi inaishia hapo, na mimi nina mtoto. Akakataa. Alisema mteja wa kupewa ni kama mtoto wa kuazima, akilia anataka mama yake. Nilikasirika siku mbili.

Wiki jana nikarudi kwa Namalwa. Nikaketi kwa ndoo, nikasaidia kuchambua omena, tukapima pamoja: mizani, meza, magunia, na ile stoo ya mbao iliyogusana na jiko la chapati la jirani. Aliangalia lile jiko kwa muda. Akasema, "Leo umekuja kama mtu. Nitafikiria." Watu wengi hufikiria mpaka wanasahau. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kazi ya mwezi, na nimeandika haya nikiangalia mlango, mnisamehe.

Mzee Kituyi, asante kwa kututembeza. Nenda Kimilili upumzishe hiyo miguu, mahindi yakuitike, wajukuu wakusumbue kiasi. Sisi hapa tunakuombea afya na amani, na tunataka ujue kwamba kila mtu uliyemfundisha

Lynette ananiita kutoka mapokezi. Anasema Namalwa yuko hapo na kitambulisho mkononi. Mzee ameenda kumpokea na soksi zake, vile amezoea, akaambiwa, "Wewe kaa, Mzee. Mimi namtafuta Mama Ashley." Ngojeni kidogo, nakuja kumalizia hapa pa kumtakia maisha mema, nilitaka kusema tu kwamba