Jastini Kinunda na Gemu ya Mama Yake

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Kinunda, wakwe zetu mliopanda kutoka Liuli, na nyote mlioacha kahawa inaiva shambani mkaja kutushika mkono, poleni na safari, poleni na msiba. Mimi ni Ottilia, shangazi wa marehemu, nasoma kwa niaba ya kaka yangu Urbani, baba mzazi, ambaye sauti imemkauka, na aliyoniagiza nitayasema yote, hata yale ambayo baadhi yenu mlitaka niyaruke.

Marehemu Jastini Urbani Kinunda alizaliwa tarehe 12 Machi 1977 hapa Maguu, mtoto pekee wa Mzee Urbani na marehemu Celestina, binti wa ziwani, yule aliyekuja huku mlimani hajui hata kushika jembe na muda si mrefu akawa anafukia ngoro kuwashinda wenyeji. Wageni niwaeleze kwamba ngoro ndilo shamba letu la mashimo, mwanamume hufyeka majani na kuyalaza miraba miraba, mwanamke hufuata nyuma akiyafukia kwa udongo, na Jastini alikua akirukaruka kwenye kingo za mashimo hayo, kati ya baba na mama, anagombezwa na wote wawili, wala hasikii.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1985 hadi 1991, akafaulu, akaenda shule ya bweni upande wa Songea. Tarehe 28 Oktoba 1993, akiwa kidato cha pili na mtihani wa taifa umekaribia, mama yake alifariki kwa homa ya ghafla, akazikwa tarehe 30, na kaka yangu akaamua mtoto asipelekewe habari mpaka amalize mtihani, kwa nia njema kabisa, maana wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Desemba Jastini akashuka kwenye lori la kahawa pale barabarani, akaanza kumwita mama yake kwa sauti kabla hajafika uani, na majirani wakainamisha vichwa. Alionyeshwa kaburi ambalo nyasi zilikwisha kuanza kuota. Hakumlaumu baba yake hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomtesa kaka yangu, afadhali angemlaumu.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1995, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia na magari yao, bei inapanda leo, kesho imeporomoka, na baba yake alitaka abaki shambani, lakini yeye akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, nasi tukamcheka, tukamwuliza hiyo kompyuta inapandwa mwezi gani. Alirudi mwaka 1999, akaajiriwa Mbinga mjini na Bwana Abdulmajid, huyu hapa, ambaye wazee wake walitoka Kilwa, na ambaye alikuwa ameanza kuleta kompyuta za mtumba, mchana watu wakichapiwa barua, jioni vijana wakicheza gemu. Tarehe 17 Juni 2000 alifunga ndoa na Benadetha, wakajaliwa mtoto mmoja, Getrude, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2001.

Hapo dukani Jastini alitengeneza gemu yake mwenyewe, kidogo kidogo, kila jenereta ilipowashwa na wateja wakapungua. Ndani yake kuna kijana anayeruka ngoro hadi ngoro akimtafuta mama yake, kila hatua ina fumbo lake, mara shimo limejaa maji, mara ukingo umebomoka, lazima alaze majani na kutafuta udongo wa kuyafukia ndipo apate pa kukanyaga, na kila anayemwuliza mama yuko wapi humwambia kaenda kwingine, huyu anasema sokoni, yule anasema Liuli kwa wazazi wake. Abdulmajid anasema hata wale vijana wakorofi wa mjini, wasiopenda gemu isiyo na bunduki, waliicheza kimya, wakatoka bila kuagana.

Tarehe 12 Aprili 2004, Jumatatu ya Pasaka, Jastini alimchukua baba yake mpaka mjini, akamkalisha mbele ya kompyuta, akamwekea vidole kwenye vitufe. Kaka yangu aliutambua mteremko wa shamba lake, akalitambua lile lori, akaisikia ile sauti inayoita mama, akasema, "Msiba wa mama yako ndio umeufanya mchezo?"

Jastini akamjibu, "Baba, twende mpaka mwisho, imebaki hatua moja tu."

Kaka alichukua kofia yake akaenda stendi, na tangu hapo mwanawe alikuja hapa na sukari na dawa ya kahawa, wakazungumza habari za mvua na bei, gemu haikutajwa tena. Mara nyingi kaka alitaka kuuliza hiyo hatua iliyobaki ilikuwa na nini, akajiambia atauliza kahawa ikishavunwa, na kahawa ikavunwa. Lile neno mchezo ndilo lililomponza, ndugu zangu, alisikia utani mahali ambapo mtoto alikuwa analia.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Novemba 2005, akatibiwa Mbinga na Songea, akafariki tarehe 19 Agosti 2006, mkewe akiwa pembeni, baba yake akiwa bado njiani. Jana asubuhi Abdulmajid alituletea kompyuta na jenereta hapa nyumbani, kwa kuwa kaka mwenyewe aliomba, na kwa vile vidole vyake vimezoea jembe, Benadetha ndiye aliyebonyeza. Hatua ya mwisho ni makaburini, jeneza la mama limekwisha kushushwa, baba amesimama na chepe, watu wanamhimiza afukie, naye anakataa, anatazama barabarani, anamsubiri mtoto. Kijana anafika akihema, anatupa udongo wake, ndipo baba anatupa wa kwake, na gemu inaishia hapo. Kaka yangu alilia sana, akasema kumbe mtoto alikwisha kumsamehe siku nyingi, akamletea msamaha mpaka mkononi, naye siku ile ya Pasaka akainuka akaenda stendi kutafuta gari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Maguu na Ukata mliotuchotea maji na kutuletea kuni, Bwana Abdulmajid na vijana wote wa dukani kwake, na jumuiya zetu kwa sala, hatuna cha kuwalipa.

Sasa, wazee walikuwa wameagiza Getrude, kwa kuwa ni mdogo, apelekwe kwa jirani mpaka maziko yaishe, aambiwe baba amesafiri. Mzee Urbani amekataa, na mimi niko naye. Mtoto ameambiwa ukweli, amelia, ameuliza, amejibiwa. Tukifika kaburini nawaomba, hata wale wenye haraka, asiguse mtu chepe mpaka Getrude atupe udongo wake. Akisita, tutasimama. Babu yake amesema atamsubiri.

Jastini, mwana wa Celestina, pumzika kwa amani.