Mwalimu Duan Yuexian, Aliyerudi Darasani Akiwa na Miaka Arobaini na Tisa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Mwalimu Duan Yuexian anastaafu. Ofisi ya masomo ya uzamili imeniomba niandike habari zake, nami nimekubali kabla hawajamaliza kuniomba.

Alifika hapa Kunming mwaka 1989 kutoka Dali, akapewa wanafunzi kumi na mmoja wa kigeni, kitabu kimoja na chumba kilichokuwa stoo ya mipira. Picha za kufundishia alizichora mwenyewe. Bata wake alifanana na birika, na kwa muhula mzima kuna wanafunzi waliokwenda kantini kuomba birika la kuchoma.

Mwaka 2008 chuo kilianzisha shahada ya uzamili kwa walimu wa lugha na utamaduni wa Kichina. Mwalimu Duan alipewa mazoezi ya kufundisha, na vijana tisa wa kwanza walimwogopa kuliko mtihani. Alikaa nyuma ya darasa na saa ya kupimia mbio, akihesabu dakika ambazo mwalimu anaongea. Aliyezidisha theluthi ya kipindi alirudia. Kou Minghui, mmoja wa hao tisa, alirudia mara nne.

"Kou mdogo," alimwambia, "wamekuja kujifunza kuongea Kichina, hawakuja kukusikiliza wewe ukikiongea. Kichina chako tunajua ni kizuri. Kaa kimya!"

Halafu, mwaka 2014, ikatoka kanuni mpya: asiye na shahada ya uzamili haruhusiwi kuwasimamia wanafunzi wa uzamili. Mwalimu Duan alikuwa na shahada ya kwanza tu. Mkuu wetu wa kitivo wakati huo, Bwana Pu, alimwita kwa upole.

"Dada Duan, nenda maktaba. Mshahara ni uleule, na dirisha lina jua zuri."

"Nikakae na vitabu?" akajibu. "Vitabu havikosei matamshi. Nitamrekebisha nani?"

Akajiandikisha kwa mtihani wa kitaifa wa kujiunga na uzamili. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kila asubuhi mumewe, Mzee Yang, alimuuliza msamiati wa Kiingereza wa mtihani huo huku bakuli za tambi za mchele zikipoa mezani. Akikosea neno, pilipili yake inahamia bakuli la mume. Mzee Yang anasema mwaka ule alikula pilipili nyingi kuliko miaka yake yote ya ndoa.

Alifaulu! Septemba akaingia darasani na mkoba mgongoni, akakaa mstari wa mbele kati ya vijana wa umri wa binti yake. Na aliyeingia kufundisha mbinu za ufundishaji alikuwa nani? Daktari Kou Minghui, amerudi na shahada yake ya uzamivu, uso umemwiva kwa aibu.

"Nikuiteje sasa?" Mwalimu Duan akauliza mbele ya wote.

"Niite utakavyo, Mwalimu. Lakini naomba usiniite Kou mdogo."

"Sawa, Mwalimu Kou," akasema, akafungua daftari. Darasa likapiga makofi.

Somo lake la majaribio, mbele ya wanafunzi wa kigeni, lilihusu "le", lile neno dogo linaloonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka au hali imegeuka. Limewatesa wageni tangu zamani. Mimi nilikuwamo, nikiandika kumbukumbu. Mwalimu Duan alieleza kwa ufasaha, akatoa kanuni, akazigawa kanuni, akafafanua ugawaji. Wanafunzi walinakili. Kipindi kilipokwisha, Kou akainua saa ya kupimia mbio.

"Dakika arobaini, Mwalimu. Umeongea thelathini na moja."

Nilitamani kuingia chini ya meza.

"Basi nimeanguka?"

"Umeanguka, Mwalimu."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Kwa siku tatu hatukumwona, na Bwana Pu aliniuliza kama ile nafasi ya maktaba bado ipo. Baadaye Mwalimu Duan alinieleza kwamba hakukasirika. Aliona haya tu: mbele ya mtahini, hofu ilimsukuma kuonyesha yote anayoyajua, na ndipo alipoelewa vijana aliowafanya warudie walikuwa wakiogopa nini.

Wiki mbili baadaye aliingia na chupa ya chai na vikombe viwili, hana karatasi hata moja. Akamimina. Akanywa. Akapindua kikombe, akawatazama wanafunzi kwa macho ya huzuni. Akamimina tena. Kule nyuma alikuwapo Khamphone, kijana wa Laos ambaye kwa miezi mitatu hakuwa amefungua mdomo. Kikombe kilipokauka mara ya nne, akasimama.

"Amemaliza yote!" akapaza sauti kwa Kichina, na "le" ikakaa palepale inapotakiwa.

Darasa lililipuka. Kila mtu akataka kusema kilichokwisha, kilichovunjika, aliyeondoka. Saa ya Kou ilionyesha dakika nne. Akaandika "Amefaulu" kwa herufi kubwa hadi karatasi ikatoboka.

Mwalimu Duan alihitimu mwaka 2017. Tangu hapo amesimamia wanafunzi arobaini na sita wa uzamili, nao leo wanafundisha Vientiane, Mandalay na Chiang Mai. Hajamwangusha mtu bila kukaa naye kwanza kumuuliza anaogopa nini.

Tulimsihi abaki mwaka mmoja kwa mkataba. Akakataa: "Mkiwa bado mnanihitaji, basi sikuwafundisha." Ameshajiandikisha darasa la kuogelea, ambako mwalimu wake ana miaka ishirini na mitatu. Tunamwombea subira kijana huyo.

Mwalimu Duan, asante kwa kila kipindi, na hata kwa kila kipindi ulichotufanya turudie. Uwe na afya njema, usingizi wa mchana usiokatwa na kengele, na bwawa lenye maji ya uvuguvugu.

Luo Caiqin, kwa niaba ya wenzako wote