Jumla Bila Majina: Maisha ya Tharsisi Ruhuza, 1931–1979

Marehemu Tharsisi Ruhuza alizaliwa hapa Kasanda, wilaya ya Kibondo, tarehe 14 Aprili 1931, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nicodemus Ruhuza na Mama Yusta. Tarehe hiyo ni ya uhakika. Padri aliiandika katika kitabu cha ubatizo siku tatu baadaye, na marehemu alipokuwa mtu mzima alikwenda kuisoma kwa macho yake kabla ya kukubali kuitumia. Hakuwa mtu wa kushika neno kwa sababu tu limesemwa.

Alianza shule ya misheni mwaka 1940, akaendelea na shule ya kati Kasulu hadi 1949, kisha akasomea ukarani Tabora kwa miaka miwili. Katika ripoti moja ambayo mama yake aliitunza ndani ya kitambaa, mwalimu wa hesabu aliandika maneno mawili tu: "Mpole. Hadokezi." Wenzake walilijua hilo vizuri, maana ukikaa naye dawati moja wakati wa mtihani hukupata kitu.

Mwaka 1952 aliajiriwa kuwa karani wa boma Kibondo. Mwaka 1968 alipelekwa Dar es Salaam kwa miezi tisa kujifunza kazi ya takwimu, akarudi akiwa karani wa takwimu wa wilaya. Kabla ya kuanza aliapishwa kwamba lolote atakaloambiwa na mtu kuhusu nyumba yake, hatalitoa kwa mtu mwingine. Wengi waliapa kiapo hicho. Yeye alirudi nacho nyumbani.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya boma, na mlangoni aliweka kitabu cha maombi, ambacho jioni alirudi nacho nyumbani. Yeyote aliyetaka kujua jambo alijaza mstari mmoja: jina lake, anachotaka, na atakitumia kwa kazi gani. Akishajaza alipewa jumla, awe mganga aliyetafuta idadi ya watoto wa kuchanja, awe mwalimu, awe mwenye duka. Bwana Hilali, mfanyabiashara wa Kibondo ambaye yupo nasi leo, amekubali tusimulie ombi lake la kwanza.

"Bwana Takwimu, Kasanda kuna baiskeli ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Za akina nani?"

"Za wenyewe."

"Ah, mzee! Mimi nauza matairi, siibi baiskeli."

"Basi peleka matairi. Wenye baiskeli watakuja kwa miguu yao."

Tarehe 6 Julai 1957 alifunga ndoa Kasulu na Generosa, binti wa Mzee Pasikali. Mungu aliwajalia watoto. Generosa husema kwamba katika miaka ishirini na miwili ya ndoa waligombana juu ya jambo moja tu, nalo tutalifikia.

Mwaka 1975, baada ya watu kuhamia vijiji vipya, marehemu alizunguka Kibondo na Kasulu kuhesabu kaya. Haikuwa kazi ya kupendwa. Watu walikuwa wamehamishwa juzijuzi, na mtu mwenye kalamu mlangoni hakuwa mgeni wa heri. Tena akina mama wengi wa kwetu hawapendi kutaja idadi ya watoto wao kwa mdomo, wakihofia kuwaita balaa. Marehemu hakubishana nao. Alitoa bakuli na kapu la maharage, akamwomba mama aweke mwenyewe punje moja kwa kila mtu wa nyumba yake, kisha yeye akahesabu punje. Rungwe Mpya bibi mmoja aliweka tisa, akafikiri, akachukua moja na kuirudisha kapuni.

"Huyo vipi, bibi?" akauliza marehemu.

"Huyo ameolewa Buhigwe. Wakamhesabu huko huko."

Alipomaliza alifanya jambo ambalo hakuagizwa. Aliona si haki watu wahesabiwe halafu hesabu yao iishie kwenye makabati ya wakubwa. Akaandika jumla za kila kitongoji kwa mkono, akazibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji ili wenyewe wazisome.

Ndipo alipokosea, na familia haitaki kulificha. Jedwali la kitongoji kimoja cha hapa Kasanda lilikuwa na safu ya mahali pa kuzaliwa: ndani ya wilaya, 211, wilaya nyingine, 8, nje ya nchi, 1. Hakukuwa na jina lolote. Lakini watu waliosimama mlangoni walianza kuulizana, "Huyo mmoja ni nani?" Walitajana nyumba kwa nyumba, wakiondoa wale ambao wazazi wao wanajulikana, mpaka akabaki mama mmoja tu aliyeolewa hapa miaka kumi na tisa nyuma. Lugha ya kwao, ng'ambo ya mpaka, na yetu zinakaribiana, na hapo kabla hakuna aliyewahi kumuuliza alikotoka. Kabla ya saa sita mchana mgambo walikuwa uani kwake wakidai karatasi.

Marehemu alipopata habari alipanda baiskeli kutoka Kibondo, akalibandua jedwali. Alikwenda kwa mama yule na mumewe, akawaomba radhi amesimama, maana hawakumkaribisha kiti. Mwezi haukuisha wakahama. Baadaye alikuja kujua walikokwenda, wala hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo hakutoa tena namba ndogo. Palipokuwa na watu wachache wa aina fulani, aliunganisha vijiji hadi mtu mmoja asiweze kuonekana.

Mwaka 1978 alikuwa mwangalizi wa sensa katika vijiji vitano vya upande huu. Jumanne tarehe 3 Oktoba, wiki chache baada ya sensa, wanaume wawili walifika nyumbani kwake Kibondo kwa Landrova. Walisema wametumwa kutoka juu, wala hawakusema juu wapi. Generosa aliwaletea maji ya kunywa, akasikia mazungumzo.

"Tunataka kaya zote zilizojibu kwamba wamezaliwa nje," alisema mmoja.

"Fomu zimefungwa masandukuni. Zimekwishaondoka," alijibu marehemu.

"Na daftari lako la uangalizi?"

"Daftari ninalo."

"Sasa shida iko wapi?"

"Jumla nitawaandikia sasa hivi. Majina sina ruhusa."

"Unamficha nani, mzee? Sisi si serikali?"

"Ndiyo maana nawapa jumla. Jazeni mstari kwenye kitabu changu, kama wengine."

Yule wa pili alicheka, akajaza. Generosa alitumwa jikoni kuangalia moto. Aliporudi aliona bahasha ya kaki ikipita kutoka mkono wa mumewe kwenda mkono wa mgeni. Marehemu aliwasindikiza hadi kwenye gari, wakapeana mikono wakicheka, na barabara nzima ikaona.

Siku kumi na mbili baadaye watu wanne wa Kasanda waliitwa kuhojiwa. Wapo waliosema majina yalitoka kwenye orodha za mabalozi wa nyumba kumi, lakini wengi walikumbuka bahasha. Kuanzia hapo marehemu akifika mahali, mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Adija, jirani aliyekuwa akiwauzia maziwa kwa miaka sita, alianza kusema ng'ombe amekauka, na ng'ombe huyo anaonekana akinyonyesha ndama. Mwezi wa Desemba marehemu alihamishiwa Kasulu kutunza ghala la fomu tupu. Kibondo walisema amepewa zawadi. Kasulu walisema amefichwa.

Generosa naye alishuku, na ametaka tuseme hivyo mbele yenu.

"Baba Venanti, mle ndani uliandika akina nani?"

"Swali hilo siwezi kulijibu."

"Hata mimi?"

"Niliapa, mama. Sikuapa nikakuweka wewe pembeni."

Aliliuliza mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, na jibu halikubadilika. Mtu asiyesema hapana, Generosa alijiambia, ana ndiyo anayoificha. Akaendelea kumpikia, lakini akaacha kumsubiri kula.

Februari 1979 marehemu alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa Kasulu, akalazwa mara mbili, na mwezi wa Septemba madaktari walieleza kwamba ini limeharibika. Siku moja mchana, wodini, Generosa alimwambia kwa hasira kwamba Kasanda hawatakuja kumzika. Marehemu akasema, "Jumla ni ya watu wote. Mwaka mzima hakuna mtu wa Kasanda aliyekuja kuomba nilichowapa wale wageni. Wangeomba, ningewapa."

"Mimi sikuomba?"

"Wewe uliniuliza akina nani. Hukuniuliza wangapi."

"Haya. Ni wangapi?"

"Fungua sanduku langu la bati, chini ya vyeti."

Alifariki Jumamosi tarehe 10 Novemba 1979, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane. Generosa alikuwa ameshika mkono wake, na sanduku alikuwa ameshalifungua.

Marehemu ameacha mke, Generosa. Watoto wanne, Venanti, Kezia, Theonest na Yusta. Mama yake mzazi, ambaye leo anamzika mwanawe. Na mdogo wake Ernesta, mwalimu wa chuo, Kasulu. Familia inamshukuru kila aliyefika, pamoja na waliofika ili tu kusikia tutasema nini.

Ndani ya sanduku ilikutwa nakala ya kaboni ya karatasi iliyotiwa kwenye bahasha ile. Ina tarehe ya 3 Oktoba 1978 na saini ya yule mgeni aliyeipokea. Ipo mezani, karibu na kitabu cha rambirambi, na kila mtu anaruhusiwa kuishika. Kwa wasiosoma, inasema hivi:

"Vijiji vitano kwa pamoja. Kaya, 1,386. Watu, 7,902. Waliozaliwa nje ya nchi, 64. Hesabu hii haigawanywi kwa kijiji, kwa sababu iligawanywa mara moja nyuma, nikamtoa mtu nyumbani kwake. T. Ruhuza."

Hakuna jina jingine kwenye karatasi hiyo.

Mungu ampokee Tharsisi, ampe pumziko la amani.