Wameshahama?

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, ingawa huyu tunayemkumbuka leo viti vilimshinda. Chai alikunywa amesimama. Redio aliisikiliza mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Watu walimwita Kiguu na Njia. Ametutoka wiki iliyopita, hospitalini, baada ya kuugua mapafu. Alikuwa mfugaji. Nasema tena, alikuwa mfugaji, na mengi ya haya tumesimuliwa na kaka yake mkubwa.

Ujanani alikuwa utingo wa lori. Akaacha. Akawa fundi rangi, akaacha. Akachimba visima, navyo akaviacha. Kaka mtu alibaki nyumbani na ng'ombe wa baba yao, malisho yale yale, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka ardhi ikaota kipara.

Siku moja Kiguu na Njia akarudi na mkewe, binti yao, betri, waya mwembamba na mzigo wa vigingi.

"Kaka, tatizo la ng'ombe wako, wanakaa sana mahali pamoja."

"Na tatizo lako wewe?"

"Langu ndiyo dawa yao."

Sikilizeni alivyofanya. Aliyagawa malisho vipande vipande kwa ule waya wenye umeme wa betri. Ng'ombe wakaingia kipande kimoja, wakala kwa pamoja, wakaacha samadi yao, na kabla hawajaanza kuuma machipukizi, wakahamishwa. Kipande walichotoka kikafungwa, kikapumzika hadi majani yasimame tena. Kula, kuhama, kupumzisha. Kazi ni hiyo tu, ila haina sikukuu.

Kaka mtu alimcheka weee! "Hawa ni ng'ombe au wageni wa hoteli? Kila siku chumba kipya!" Lakini kipara kilianza kuota nywele, naye akaliona hilo.

Kisha mwaka mmoja mvua ikachelewa. Kipande cha bondeni kilikuwa mapumzikoni, kimeanza tu kuchipua. Kaka mtu akawa hapati usingizi. Ng'ombe mbavu nje, na majani yale pale! "Unayatazama kama picha ya ukutani," akamwambia mdogo wake.

"Yakiliwa sasa, yanakufa. Subiri."

Hakusubiri. Kiguu na Njia alipokwenda mjini kutafuta betri, kaka mtu akafungua waya. Machipukizi yakaliwa hadi shinani. Mvua iliporudi, vipande vyote vilikuwa kijani, cha bondeni kikabaki vumbi.

Toka hapo, wasikilizaji wapendwa, ndugu hao wawili hawakusemezana. Nyumba moja, meza moja, lakini kila neno lilipitia kwa mke wa Kiguu na Njia.

"Shemeji, mwambie mumeo anipe chumvi."

"Mke wangu, mwambie shemeji yako chumvi iko mbele ya pua yake."

"Mimi nimeolewa au nimeajiriwa posta?" mama wa watu akauliza.

Ugonjwa ulipomlaza Kiguu na Njia, kila aliyeingia wodini aliulizwa kabla hata ya salamu: "Wameshahama?" Nyumbani waya alikuwa anausogeza binti yake, ambaye ni mshonaji. Siku moja akabanwa na kazi, akamwomba baba yake mkubwa. Baba mkubwa akakubali, kisha akapitiwa, ng'ombe wakabaki pale pale. Asubuhi iliyofuata, zamu ya kukaa na mgonjwa ilikuwa yake.

Kiguu na Njia akafumbua macho. "Kaka."

Ndilo neno la kwanza tangu ugomvi ule.

"Wameshahama?"

"Wamehama, mdogo wangu. Lala."

Akalala, na hakuamka tena.

"Mtu anakata roho, ananiita kaka," alituambia. "Na mimi nikampa uongo."

Alirudi nyumbani akakuta waombolezaji wamejaa uani. Hakuingia. Ng'ombe walikuwa wamejipanga kwenye waya, wanalia. Akaanza kung'oa vigingi, angali na viatu vyake vya kwendea hospitali miguuni. Binti wa marehemu akamkimbilia.

"Baba mkubwa, huko wametoka juzi! Unawarudishia sahani waliyokwisha kuilamba?"

Wakacheka. Kisha wakalia, wameshikana pale pale kwenye samadi, halafu wakavihamisha vigingi upande wa pili.

Lakini kuhama huko kulikuwa deni la jana yake. La leo je? La kesho? Tulipomtembelea kumhoji, macho yake hayakutoka dirishani.

"Shemeji, tulia basi, una wageni," mjane alimsihi.

"Nimetulia maisha yangu yote, shemeji. Umeona nilichovuna?"

Kwa mjane, kwa binti, kwa kaka wa marehemu, poleni sana. Kituo kizima kinalia pamoja nanyi. Nasi wengine tujiulize: ni neno gani tulilompa mtu, ambalo mpaka leo halijawa kweli? Msilikalie mkilifikiria. Inukeni nalo.

Kaka wa marehemu aliinuka katikati ya mazungumzo yetu, akatoka, kipaza sauti kikiwa bado kimebanwa kwenye kola yake. Sauti tumeiacha kama ilivyo. Hizo mnazosikia ni hatua zake. Hicho ni kigingi kinatoka ardhini. Na huko, ng'ombe wanararua majani.

Kisha anasema neno moja. Karibu yake hapakuwa na mtu.

"Wamehama."